Hatari, Mashaka na Mapato ya Hisa: Funzo la Soko la Nairobi

Katika mijadala ya uchumi, hatari na mashaka hutajwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali mwekezaji anayevichanganya huweza kulilipia kosa hilo kwa mtaji wake. Mwanauchumi wa Marekani Frank Knight, katika kitabu chake cha mwaka 1921, alivitenganisha kwa kigezo kimoja. Hatari ni hali ambayo tokeo lake halijulikani lakini uwezekano wake hukadirika, kama kampuni ya bima inavyokadiria idadi ya magari yatakayopata ajali katika mwaka. Mashaka ni hali ambayo hata uwezekano wenyewe hauna msingi wa kuhesabiwa, kwa kuwa tukio husika halina mifano ya kutosha iliyolitangulia. Makala haya yanadai kwamba hatari humlipa mwekezaji mvumilivu ilhali mashaka humfukuza sokoni, na kwa hiyo masoko machanga hayana budi kupunguza mashaka kwanza.

Nadharia zinazotawala zilijengwa juu ya hatari. Mwaka 1952, Harry Markowitz aliipima kwa mtawanyiko, yaani kadiri mapato yanavyopanda na kushuka kuzunguka wastani wake, akaonyesha kuwa mtawanyiko huo hupungua mtaji unapogawanywa katika hisa za aina mbalimbali. Mwaka 1964, William Sharpe aliongeza kwamba soko humlipa mwekezaji kwa sehemu ile tu ya hatari isiyoondoka kwa mgawanyo, kwa sababu huyumbisha soko zima. Malipo hayo huitwa fidia ya hatari. Hata hivyo, Rajnish Mehra na Edward Prescott, katika utafiti wao wa mwaka 1985, walikuta kwamba nchini Marekani, kati ya 1889 na 1978, hisa ziliipita mikopo salama ya muda mfupi kwa takriban asilimia 6 kwa mwaka, pengo kubwa mno kuelezwa na hatari ya kawaida peke yake.

Sehemu ya pengo hilo huenda ni bei ya mashaka. Daniel Ellsberg, mwaka 1961, alitumia mfano wa mitungi miwili yenye gololi 100 kila mmoja: wa kwanza una nyekundu 50 na nyeusi 50, na wa pili una rangi hizo hizo kwa idadi isiyojulikana. Zawadi ikiwekwa kwa atakayetoa gololi nyekundu, wengi huchagua mtungi wa kwanza. Ikihamishiwa nyeusi, huchagua mtungi huo huo, ingawa mtu anayeamini kuwa mtungi wa pili una nyekundu chache alipaswa kuamini pia kuwa una nyeusi nyingi. Wanachokimbia, basi, ni kutojua hesabu.

Ndivyo ilivyokuwa Nairobi tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti na kuagiza mwingine ndani ya siku 60. Bei za hisa ziliporomoka na biashara ikasimamishwa kwa muda. Mapato ya kampuni hayakuwa yamebadilika katika saa hiyo; kilichotoweka ni kipimo, kwa maana uamuzi wa aina hiyo haukuwa umewahi kutolewa barani Afrika, na hapakuwa na rekodi ya kumwongoza mnunuzi wala muuzaji.

Wapo watakaosema kwamba mashaka nayo hupimwa kwa mtawanyiko, kwa kuwa bei huyumba zaidi nyakati hizo. Hoja hiyo ina uzito, lakini kipimo hicho husoma mtikisiko uliokwisha kuanza. Hakimwambii mwekezaji ni tukio gani lisilo na mfano litakalofuata.

Tofauti hii ina matokeo ya kisera. Hatari hugawanywa, na anayekubali kuibeba hustahili fidia; mashaka hupunguzwa kwa taarifa na kwa kanuni zinazotabirika. Soko ambalo kampuni zake hutoa hesabu kwa wakati, na ambalo serikali yake haibadilishi sheria za kodi au riba kwa ghafla, huyageuza mashaka kuwa hatari inayohesabika, na hapo ndipo mwekaji akiba wa kawaida hupata sababu ya kubaki na hisa zake bei zinaposhuka.