Kilemba na Mkanda

Jumanne jioni walikuja saba. Mwalimu yeyote wa judo anaijua hesabu hiyo: jozi tatu, na mmoja amesimama ukutani, amefumbata mikono, akingoja apate wa kumshika ukosi. Ukumbi tunaoukodi Magomeni una feni mbili na magodoro ya kuangukia ambayo mishono yake yote ni ya uzi wa kijani. Ng'ambo ya barabara kuna jimu mpya, ya tatu mtaani kwetu, yenye vioo vipana na mashine za kukimbilia zilizopangwa zikitazama nje. Nilihesabu waliokuwamo saa ileile: wanne. Hata hivyo jimu ile inalipa kodi kubwa kuliko yetu, na haicheleweshi.

Kwa muda mrefu jambo hilo lilinitatiza. Mwaka 2006 wanauchumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha utafiti kuhusu wanachama wa jimu za Marekani. Waliolipa ada ya mwezi iliyozidi dola 70 walikwenda mazoezini, kwa wastani, mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila siku waliyokwenda iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali palikuwa na tiketi za dola 10 kwa siku. Walikuwa wakilipia nia. Asiyekuja hachakazi mashine wala hamalizi maji ya bafuni, na nafasi yake anaweza kuuziwa mwingine. Biashara ya jimu inawategemea sana watu ambao hawafiki.

Kwetu asiyekuja anaacha pengo. Huwezi kujifunza kumbwaga mtu bila mtu, tena unahitaji wa kila namna: mrefu, mzito, mwoga, mkaidi. Kifaa cha judo ni mwili wa mwenzako aliyekubali kuanguka, na baada ya dakika mbili wewe ndiye kifaa chake. Basi nimekuwa nikizitazama mila za mapigano kwa swali moja: nani alilipa, na malipo yale yalimvuta mwanafunzi aje au yalimruhusu abaki nyumbani?

Kano Jigoro alianza mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, Tokyo, akiwa na mikeka 12 na wanafunzi tisa. Hakuwatoza ada. Alikuwa akisomesha shule ya Gakushuin, na usiku akifanya kazi ya kutafsiri ili shule yake ya judo isimame. Jirani zetu Wazanzibari wanaijua njia hiyo kupitia Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyehamia kwao miaka ya 1980, akafundisha judo huku akiishi kwa biashara zake nyingine. Ninawaheshimu mno walimu wa aina hii, lakini sikubali wanapotajwa kama ushahidi kwamba elimu ya mapigano haiuzwi. Gharama ilikuwapo, ila ilitoka mfuko mwingine. Mwalimu asiye na mshahara mahali pengine hawezi kuiga, na wengi wetu hatuna.

Mestre Bimba wa Salvador, Brazil, alijaribu kuishi kwa sanaa yenyewe. Sheria ya jinai ya mwaka 1890 ilikuwa imeifanya capoeira, sanaa yake hiyo ya mapigano, kuwa kosa. Yeye akafungua akademia mwaka 1932, na kufikia 1937 serikali ikaitambua rasmi. Mwanafunzi alitakiwa athibitishe kwamba anasoma au ana kazi. Aliyehitimu alipewa medali na kitambaa cha hariri cha buluu. Ninachokipenda zaidi kwa Bimba, hata hivyo, ni duara la capoeira, kwa sababu ndani yake hakuna mtazamaji. Wawili wakicheza katikati, waliobaki wanapiga makofi, wanaitikia wimbo, wanapiga ala ya berimbau. Wasipofika wa kuitikia, walio katikati wanapoa. Duara lile linamdai kila mtu kuliko risiti yoyote ya mwezi. Na bado halikumtosha mwalimu wake: mwaka 1973 Bimba aliondoka Salvador na uchungu wa kukosa msaada, akahamia Goiânia, akafariki huko mwaka uliofuata.

Thailand wana jibu jingine. Katika kambi nyingi za muay thai mtoto wa maskini hula na kulala bila ada, na mwenye kambi huchukua sehemu ya fedha anazozipata ulingoni. Hapo hakuna anayekosa zoezi. Lakini deni la kambi limewekwa kwenye mbavu za mtoto, nami siwezi kulitetea.

Kwetu pwani kuna kirumbizi. Wawili wanaingia uwanjani na fimbo, ngoma na zumari zinawaongoza, akina mama wanapiga vigelegele. Hakuna ukumbi wa kukodi. Sherehe ndiyo mlipaji, na mvulana hujifunza kwa kusimama pembeni mpaka siku anayorushiwa fimbo. Harusi ikihamia kwenye ukumbi wenye viti vya kitambaa na spika, mvulana huyo hana tena pembeni pa kusimama.

Pwani hiyohiyo ina kilemba. Fundi akishamfunza kijana kazi hadi ikamkaa mkononi, kijana anampa kilemba: ada na heshima kwa pamoja, mwishoni. Linganisha na mikanda. Judo ya Kano ilikuwa na mkanda mweupe na mweusi. Rangi nyingi za katikati zilishamiri Ulaya, London na Paris, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ili kumpa mwanafunzi subira ya safari ndefu. Nia ilikuwa njema, na watoto wangu wa saa kumi wanaifurahia. Ila kila rangi ilipowekewa ada ya mtihani, mwalimu alipata sababu ya kuongeza rangi. Kitambaa cha kilemba kinatoka kwa mwanafunzi kwenda kwa fundi, na hakitoki mpaka kijana ameiva. Mkanda unatoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, na leo shule nyingi zinautoa kila baada ya miezi michache, ameiva hajaiva.

Kilemba pekee hakilipi kodi ya kila tarehe mosi, hilo nalijua. Ndiyo maana jimu ya kwanza ilipofunguliwa niliogopa, nikaiga. Niliuza ada ya mwaka mzima kwa punguzo, nikaongeza mitihani minne yenye malipo. Sijawahi kuwa na fedha kama mwaka ule. Kufikia Julai magodoro yalikuwa na watu wanne, wote wa uzito sawa, wamezoeana hata wanajua nani ataanguka upande gani. Wawili waliokuwa bora waliondoka. Walisema hawana wa kushikana naye, na walikuwa wakweli.

Nikafuta mkataba wa mwaka. Sasa ada ni ya mwezi, mtihani haulipiwi, na anayekosa siku mbili anapigiwa simu jioni hiyohiyo, si na mimi, bali na yule aliyebaki ukutani kwa sababu yake. Kwa mkanda mweusi hatutozi kitu. Tunamwambia aliyeupata kwamba ataleta kilemba akipenda na akiweza.

Wa kwanza kuupata ni kijana anayeshona maturubai Kariakoo, aliyeanza nasi akiwa na miaka 12. Hakuleta fedha. Jumapili moja alfajiri alikuja na sindano nene na kibweta cha uzi, akakaa chini, akafumua mishono yote ya magodoro iliyokuwa imeoza, akaishona upya moja baada ya nyingine mpaka adhuhuri. Dukani alikuta uzi wa kijani tu.