Kufa kwa betri ya gari la michezo

Kufa kwa betri ya gari la michezo ni hali ambayo betri ya gari la aina hiyo, kama vile Porsche, Ferrari au Lamborghini, huishiwa chaji hadi ishindwe kuzungusha stata na kuwasha injini. Chanzo chake ni kilekile cha gari lolote, lakini utatuzi wake hutofautiana kwa sababu magari haya hukaa muda mrefu bila kuendeshwa, yana vifaa vingi vya elektroniki, betri yake mara nyingi imefichwa mahali pagumu kufikiwa, na mengi hayawezi kuwashwa kwa kusukumwa.

Katika Afrika ya Mashariki tatizo huwa kubwa zaidi gari linapozimika kwenye barabara kuu, mbali na mafundi wanaolifahamu. Mfano ni barabara ya Chalinze hadi Segera inayopita Kabuku, wilayani Handeni katika Mkoa wa Tanga. Pale msaada wa kwanza kupatikana mara nyingi ni lori la mizigo, na umeme wa lori si sawa na wa gari dogo.

## Muundo wa betri

Betri nyingi za magari ni za risasi na asidi. Aina hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na Camille Faure aliiboresha mwaka 1881. Ilianza kutumika sana kwenye magari baada ya stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering kuwekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo injini iliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma.

Ndani ya betri mna vyumba sita. Kila chumba hutoa takriban volti 2.1, hivyo betri iliyojaa hufikia volti 12.6 au zaidi kidogo. Betri inapotoa umeme, salfati ya risasi hujitengeneza juu ya sahani zake na asidi hupungua nguvu. Inapochajiwa, salfati hiyo hurudi kuwa risasi na asidi. Betri ikiachwa tupu kwa siku nyingi, salfati huganda na kuwa ngumu, na sehemu ya uwezo wa betri hupotea moja kwa moja. Kwa hiyo betri iliyokufa mara kadhaa huwa haishiki moto vizuri hata ikichajiwa usiku kucha.

Hali ya betri hupimwa kwa mita ya umeme baada ya gari kupumzika saa kadhaa:

- volti 12.6 au zaidi: imejaa
- volti 12.4: robo tatu hivi
- volti 12.2: nusu hivi
- volti 12.0: robo hivi
- chini ya volti 11.8: imekwisha

Injini ikiwa inaunguruma, mita inapaswa kuonyesha takriban volti 13.8 hadi 14.7. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, tatizo liko kwenye altaneta, mkanda wake au nyaya, na kununua betri mpya hakutasaidia.

## Sababu

### Kukaa bila kuendeshwa

Gari lililozimwa bado hutumia umeme kidogo kwa ajili ya saa, king'ora, kifaa cha kuzuia wizi, kipokezi cha ufunguo na kompyuta za gari. Kiasi cha miliampea 50 huhesabiwa kuwa cha kawaida. Kwa siku moja hiyo ni saa-ampea 1.2, hivyo betri ya saa-ampea 60 hupoteza nusu ya chaji yake kwa siku 25 hivi. Gari likiongezewa kifaa cha kufuatilia mahali lilipo au redio iliyofungwa vibaya, muda huo hupungua. Gari la kila siku hurudishiwa umeme huo na altaneta. Gari la michezo linalotolewa gereji mara moja kwa mwezi halirudishiwi.

### Joto

Watu wengi hudhani baridi ndiyo adui mkubwa wa betri. Baridi huonyesha udhaifu uliopo, lakini joto ndilo linaloizeesha. Joto huharakisha kutu ya sahani na hukausha maji ya betri. Katika maeneo ya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa betri hufanya kazi katika joto mwaka mzima, na injini iliyobanwa nyuma ya viti, kama ilivyo katika magari mengi ya michezo, huongeza joto kwa vifaa vilivyo karibu nayo.

### Sababu nyingine

Taa iliyosahauliwa, vichwa vya betri vyenye kutu au vilivyolegea, altaneta mbovu na safari fupi mno zisizotosha kujaza chaji huleta matokeo yaleyale. Kwa betri zinazofunguliwa, kujaza maji ya kisima au ya bomba badala ya maji ya betri huingiza chumvi zinazoharibu sahani. Kuongeza asidi kwenye betri iliyochoka pia ni kosa: kinachopungua ndani yake kwa kawaida ni maji.

## Dalili

Stata huzunguka kwa uzito au hutoa mlio wa tik-tik tu. Taa za dashibodi hufifia ufunguo unapozungushwa. Katika magari ya kisasa, kompyuta huanza kutoa maonyo yasiyohusiana, kwa mfano ya breki, gia au mifuko ya hewa, kwa sababu umeme umeshuka. Maonyo hayo mengi hutoweka betri ikichajiwa, kwa hiyo si vema kuanza kubadilisha vipuri kabla ya kupima betri.

## Ugumu wa pekee wa magari ya michezo

Betri haionekani. Katika magari yenye injini nyuma au katikati, betri mara nyingi huwekwa mbele, chini ya mfuniko wa mizigo, na mfuniko huo hufunguliwa kwa umeme. Betri ikifa, mfuniko haufunguki, na betri iko chini yake. Watengenezaji huweka njia ya dharura. Katika baadhi ya Porsche 911 za miaka ya 2000 kuna ncha inayovutwa kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi karibu na miguu ya dereva. Waya wa chanya kutoka betri ya msaada huunganishwa hapo, na wa hasi kwenye chuma cha komeo la mlango, kisha kitufe cha ufunguo hubonyezwa ili mfuniko ufunguke. Njia hiyo ni ya kufungua mfuniko tu. Waya wake ni mwembamba na hauwezi kubeba umeme wa kuwasha injini. Magari mengine yana waya wa kuvuta kwa mkono uliofichwa, na mahali pake huelezwa katika kitabu cha gari.

Vioo vya milango. Milango isiyo na fremu hushusha kioo kidogo kila inapofunguliwa. Umeme ukiwa haupo kioo hakishuki, na kuubamiza mlango kunaweza kukivunja.

Gia na breki. Gari lenye gia za otomatiki au breki ya mkono ya umeme linaweza kujifunga lisisogee. Gari lenye gia za kawaida huweza kushtuliwa kwa kusukumwa likiwa gia ya pili, ufunguo ukiwa umewashwa na klachi ikiachiwa ghafla. Gari la otomatiki haliwashwi kwa njia hiyo, hata likisukumwa na kijiji kizima.

Betri za lithiamu. Ili kupunguza uzito, baadhi ya magari ya michezo hutumia betri ya ioni za lithiamu. Porsche ilianza kuiuza kama nyongeza mwaka 2010. Ilikuwa na uzito chini ya kilo 6, pungufu kwa zaidi ya kilo 10 kuliko ile ya risasi. Betri ya namna hii haitakiwi kuchajiwa kwa chaja isiyotengenezwa kwa ajili yake.

## Kubusti kutoka gari lingine

Kwanza huhakikishwa kwamba magari yote mawili yana volti 12. Malori na mabasi makubwa hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfuatano. Kuunganisha gari dogo na umeme huo kunaweza kuunguza kompyuta, altaneta na taa kwa sekunde chache, na katika gari la michezo hasara yake huzidi mara nyingi bei ya betri. Katika barabara kama ya Kabuku ni afadhali kusubiri gari dogo, pikapu au teksi kuliko kukubali msaada wa lori lililosimama kwa nia njema. Kuchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili za lori hutegemea kuzitambua nyaya bila kukosea, na kosa dogo hapo hutoa cheche kubwa.

Utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Magari husogezwa karibu bila kugusana, huzimwa, na taa, redio na kiyoyozi hufungwa.
2. Waya mwekundu hufungwa kwenye chanya (+) ya betri iliyokufa au kwenye ncha maalumu iliyotajwa na mtengenezaji.
3. Upande wa pili wa waya mwekundu hufungwa kwenye chanya ya betri nzima.
4. Waya mweusi hufungwa kwenye hasi (−) ya betri nzima.
5. Upande wa mwisho wa waya mweusi hufungwa kwenye chuma kitupu cha injini au bodi ya gari lililokufa, mbali na betri yake.
6. Gari linalosaidia huwashwa kwa dakika chache, kisha gari lililokufa hujaribiwa.
7. Likishawaka, nyaya hutolewa kwa mpangilio wa kinyume.

Hatua ya 5 ina sababu yake. Betri ya risasi hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka, na muunganisho wa mwisho ndio unaotoa cheche. Cheche hiyo ikitokea mbali na betri, hatari hupungua. Kwa sababu hiyohiyo haifai kuvuta sigara au kumulika betri kwa kiberiti usiku. Tochi ya simu hutosha. Asidi ikiruka kwenye jicho au ngozi, husuuzwa mara moja kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, na mtu aliyeumia jicho hupelekwa hospitali.

Kosa la kuepukwa kabisa ni kuchomoa betri wakati injini inaunguruma ili kupima altaneta. Mafundi wa zamani walifanya hivyo bila madhara kwa magari yasiyo na kompyuta. Katika gari la kisasa volti hupanda ghafla na huweza kuua vifaa vya elektroniki.

## Baada ya kuwaka

Mwendo wa nusu saa haujazi betri iliyokwisha kabisa. Altaneta imeundwa kutunza betri iliyojaa, na kuilazimisha kufufua betri tupu huipasha joto kupita kiasi. Njia bora ni chaja ya umeme wa nyumbani yenye nguvu ya takriban moja ya kumi ya ukubwa wa betri, yaani ampea 6 kwa betri ya saa-ampea 60, kwa muda wa saa 10 au zaidi. Betri ikijaa, kisha ikashuka tena chini ya volti 12.4 baada ya kupumzika usiku mmoja bila kuunganishwa na gari, imefika mwisho wake.

Gari lisipowaka kabisa, hubebwa juu ya lori la kitanda bapa. Kuvutwa kwa kamba hudhuru gia za otomatiki, na bodi iliyo chini sana hukwaruzwa. Wakati wa kusubiri barabarani, pembetatu za kuakisi mwanga huwekwa mbele na nyuma ya gari. Matawi ya miti yanayotumiwa na madereva wengi hayaonekani vizuri usiku.

## Kinga

Gari linalokaa gereji huunganishwa na chaja ndogo ya kutunza betri, ambayo hujizima na kujiwasha yenyewe. Watengenezaji kama Ferrari hutoa chaja za aina hiyo kwa magari yao. Pasipo umeme wa uhakika, waya wa hasi huweza kutolewa gari linapowekwa kwa wiki nyingi, baada ya kuhakikisha kwamba mfuniko wa mbele hautafungwa ukawa haufunguki tena. Vichwa vya betri husafishwa kutu na kupakwa grisi.

## Magari ya michezo katika Afrika ya Mashariki

Magari ya michezo yalifahamika sana kupitia mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1978 Vic Preston Mdogo wa Kenya alimaliza wa pili akiendesha Porsche 911. Katika mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, Msweden Björn Waldegård alishinda mwaka 2011 kwa Porsche 911.

## Betri chakavu na afya

Betri iliyokufa haitupwi jalalani wala kuvunjwa nyumbani, kwa kuwa risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Mfano unaojulikana ni wa Owino Uhuru, Mombasa, ambapo kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichafua makazi ya watu. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano dhidi yake, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu iliirudisha Desemba 2024.

Wauzaji wengi wa betri hupokea betri ya zamani na kupunguza bei ya mpya, kwa sababu risasi yake huweza kutumika tena.

## Tazama pia

- Betri
- Altaneta
- Risasi (metali)
- Safari Rally
- Kabuku