Tanga 1914: Nyuki Hawakuua Watu 360

Kisa cha vita ya Tanga nilikisikia kwanza kupitia nyuki. Eti Waingereza walikuja na meli zao, nyuki wakawatimua, wakarudi mbio baharini. Tulicheka sana. Na nyuki walikuwepo kweli: risasi ziliivuruga mizinga iliyokuwa mashambani, wakatoka na kuwauma watu wa pande zote mbili. Ila nyuki hawakuua watu 360.

Tena hao "Waingereza" wengi wao walikuwa Wahindi. Kikosi cha askari wapatao 8,000 kiliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba 1914 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, kikiwa na batalioni moja tu ya Waingereza. Baadhi ya askari walikabidhiwa bunduki za aina mpya muda mfupi kabla ya safari. Wakakaa melini zaidi ya wiki mbili, wamebanana, wanatapika. Maofisa wa KAR, watu walioijua nchi hii, walijitolea kuwalinda wakati wa kushuka pwani. Aitken akakataa.

Halafu ikaja ile ya tarehe 2 Novemba, ambayo kila nikiisoma nashika kichwa. Manowari ya Fox ilitangulia bandarini, nahodha wake akawataka Wajerumani wausalimishe mji. Aliuliza pia kama bandari imetegwa mabomu! Yaani unakwenda kuvamia nyumba, unabisha hodi kwanza na kuuliza mbwa amefungwa wapi. Wajerumani wakapata muda, na von Lettow-Vorbeck akaanza kuteremsha askari wake kwa treni kutoka Moshi. Hata walipokamilika walikuwa kama 1,000 tu.

Usiku huo Wahindi walianza kushushwa Ras Kasone. Alfajiri wa kwanza wao wakapelekwa vitani bila kupumzika, wakarudishwa nyuma. Kesho yake, tarehe 4, kikosi kizima kikasukumwa kwenye minazi na mashamba ya mpira, jua la pwani kichwani, adui haonekani. Batalioni ya 63 ilivunjika, watu wakakimbilia ufukweni. Waliitwa waoga, na jina hilo limewaganda vitabuni. Mimi nasita. Mtu aliyetoka melini hajala vizuri, hajui yuko wapi wala anapigana na nani, umwite mwoga? Wenzao wa Kashmir na wale Waingereza wa North Lancashire walifika hadi kwenye mitaa ya mji, wakapigana nyumba kwa nyumba, mwishowe nao wakasukumwa nje. Batalioni ya 101 ilipigwa vibaya kuliko zote.

Tarehe 5 wakapanda meli. Waliuawa 360, wakajeruhiwa 487. Majeruhi waliokuwa na hali mbaya waliachwa kwenye hospitali ya Wajerumani. Huko London habari ilifichwa kwa miezi; Aitken akashushwa cheo.

Upande wa Wajerumani walikufa 71. Wajerumani wenyewe walikuwa 16, akiwemo Tom von Prince, yule Bwana Sakarani aliyepigana na Mkwawa. Kila kitabu kinamtaja. Waliobaki 55 walikuwa askari Waafrika, watu waliokuwa na mama na wake zao, na mara nyingi wanaishia kuandikwa hivyo hivyo: 55.

Ufukweni ziliachwa bunduki za rashasha 16, bunduki za kawaida 455 na risasi 600,000. Von Lettow alipata silaha za kutosha kombania tatu. Vita ambayo ingeweza kwisha mapema ikaendelea mpaka Novemba 1918, ikila wapagazi kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Hao wa upande wa Waingereza waliitwa Carrier Corps. Kondakta wa daladala analiita jina lao kila siku: "Kariakoo, Kariakoo!"