Uratibu wa Kambi Si Usimamizi wa Kambi

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuuvamia mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walifariki. Manusura wasio na pa kwenda walihifadhiwa kwenye majengo ya shule, na tangu hapo majengo hayo yakaitwa kambi. Maafa ya namna hii huja na neno jingine lisilokosekana katika taarifa ya habari: uratibu. Wizara inaratibu, mkoa unaratibu, halmashauri inaratibu, mashirika nayo yanaratibu. Mama aliyelala sakafuni na watoto watatu ana swali moja tu: kama wote wanaratibu, nani ana ufunguo wa stoo ya magodoro?

Swali lake ni la kiistilahi. Uratibu wa kambi ni neno tuliloletewa na mashirika ya kimataifa, na lilipofika kwetu likameza majirani zake wawili, usimamizi na utawala. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa na washirika wake waliligawa jukumu la misaada ya dharura katika makundi ya kisekta, ambayo wafasiri wengine huyaita kongani, neno lilelile la kongani za viwanda. Sekta ya kambi iliwekwa chini ya shirika la wakimbizi, UNHCR, pale chanzo kinapokuwa vita, na shirika la uhamiaji, IOM, pale chanzo kinapokuwa maafa ya asili. Sekta ya malazi ilikwenda kwa UNHCR na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, kwa mgawanyo kama huo. Ndani ya sekta ya kambi zilitenganishwa kazi tatu, na kila moja ina mwenyewe.

Aliyesoma au kufundisha shule ya msingi Tanzania anazijua kazi hizo tatu kwa sura. Kila shule ina mwalimu mkuu. Yeye ndiye anayejua darasa lipi linavuja, nani hakuja leo, chaki zimebaki ngapi. Juu yake, kwa miaka mingi, alikuwapo Mratibu Elimu Kata, mtu wa pikipiki na begi la mgongoni, aliyepita shule hadi shule. Hakufundisha hesabu wala hakupiga kengele. Kazi yake ilikuwa kuona kwamba shule moja haina walimu sita wakati ya jirani ina wawili, na kwamba takwimu za kata nzima zinafika wilayani. Nyuma ya wote wawili ipo serikali, yenye dhamana ya shule kisheria.

Mambo ya kambi ni hayohayo. Usimamizi ni kazi ya mwalimu mkuu: kambi moja, watu wake, maji yake, zamu za kufagia vyoo, orodha ya wajawazito, malalamiko ya usiku. Uratibu ni kazi ya mtu wa pikipiki: kambi nyingi na watoa huduma wengi, ili malori mawili ya mablanketi yasishushe kwenye shule moja huku ya pili ikikosa hata moja. Utawala ni wa serikali: kuruhusu kambi ifunguliwe, kulinda usalama, kutoa ardhi, na siku moja kuifunga. Lugha yenyewe inatutenganishia. Kusimamia kumetoka katika kusimama, na huwezi kusimamia mahali usipokuwapo. Kuratibu ni ndugu wa ratiba na utaratibu, maneno ya asili ya Kiarabu yenye maana ya kupanga vitu vikae kwa zamu na nafasi. Mratibu anaweza kukaa wilayani, akawa na simu mbili na daftari, na kazi ikaenda. Msimamizi hawezi.

Sasa neno kambi lenyewe. Katika uwanda wa kati wa Tanzania neno hili lina umri mkubwa. Richard Burton alipovuka Ugogo mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, alikuta wapagazi wa misafara wakilitumia kwa kituo cha kulala njiani: vibanda vya matawi na nyasi, boma la miiba kuzunguka, na alfajiri safari inaendelea. Kuanzia miaka ya 1960 wakazi wa Kongwa waliona kambi ya namna nyingine, pale wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine walipopewa eneo karibu na mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza. Kijana wa leo akisikia kambi hukumbuka JKT Makutupora. Katika maana zote hizo kambi ni mahali pa muda, penye amri, na anayeingia hutarajiwa kutoka.

Ndiyo maana Tanzania iliwahi kulikwepa neno hilo kwa makusudi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, mkoani Tabora, pamoja na Katumba na Mishamo upande wa magharibi. Huko hakukuitwa kambi. Kuliitwa makazi, kwa sababu watu walipewa mashamba na kutarajiwa kujilisha, na kiongozi wake aliitwa Mkuu wa Makazi. Nyarugusu, iliyofunguliwa Kigoma mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ni kambi kwa jina na kwa tabia: mgawo wa chakula, na ruhusa maalumu ya kutoka. Wengi wa watu wa makazi wamepata uraia wa Tanzania. Nyarugusu bado inaitwa kambi, ingawa wapo waliozaliwa humo na sasa wana watoto wao.

Neno la tatu linalohitaji uangalifu ni lile la kumtaja mtu mwenyewe. Wapo wanaowaita waliobomolewa nyumba na mafuriko wakimbizi wa ndani. Kwa sheria yetu ya wakimbizi ya mwaka 1998 mkimbizi ni mtu aliyetoka nchi nyingine, na mkulima wa Mpwapwa hatapenda kuitwa mkimbizi akiwa Mpwapwa. Wahanga nalo lina utata, kwani mhanga kwa asili ni anayejitoa kafara. Manusura linamfaa aliyeponea chupuchupu. Kwa shughuli za kambi, waathirika au waliopoteza makazi ni maneno yanayotosha, na hayamvunjii mtu heshima.

Tunafika kwenye malazi. Wafasiri wamelitafsiri neno la Kiingereza shelter kwa namna nne: hifadhi, makazi, hema na malazi. Hifadhi inagongana na mbuga za wanyama, na hema ni kifaa kimoja tu kati ya vingi. Makazi ni pa kukaa na malazi ni pa kulala, na tofauti hiyo ina hesabu yake. Miongozo ya Sphere, inayofuatwa na mashirika mengi ya misaada duniani, inataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi chini ya paa. Chukua darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 7. Hizo ni mita za mraba 56. Gawanya kwa 3.5, unapata watu 16. Darasa hilohilo, kwa kiwango cha serikali cha shule za msingi, ni la wanafunzi 45. Kamati ya kijiji isiyopewa hesabu hii itawalaza watu 45 kwa sababu mlangoni pameandikwa 45. Mwanafunzi anakaa, mwathirika analala, ananyonyesha, anabadilisha nguo. Isitoshe, shule hufunguliwa Januari, kwa hiyo malazi ya darasani yana tarehe ya mwisho hata kama hakuna aliyeitangaza.

Maji nayo ni hivyo. Kiwango ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano inahitaji lita 75, yaani ndoo kubwa nne zisizojaa sana. Hayo si mambo ya wataalamu wa Geneva peke yao. Mwenyekiti wa kitongoji anayajua akiyasikia kwa ndoo.

Hapo ndipo ilipo maana ya kujengea uwezo, msemo ambao hapa Dodoma umechoka kwa kutumiwa. Masikioni pa wengi, kujengewa uwezo ni semina ya siku tatu hotelini, chai ya saa nne, mkoba wenye nembo na karatasi ya posho. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Vyombo vipo. Idara ya Menejimenti ya Maafa ya Ofisi ya Waziri Mkuu iko hapahapa Dodoma. Lakini angalia: sheria inasema usimamizi, idara inasema menejimenti, na afisa wa halmashauri anaitwa mratibu wa maafa. Maneno matatu yamekaa katika mnyororo mmoja wa kazi, na mtendaji wa kijiji anaachwa akisie lake ni lipi.

Gharama ya kukisia tumeiona. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliipiga Kilosa, Mpwapwa na Kongwa kwa pamoja na kung'oa reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe. Wilaya hizo ni za mikoa miwili, na maji hayakujali mpaka. Reli ilirudi. Kilosa, wapo walioendelea kuishi kwenye mahema kwa miaka. Kuwafungulia watu mahema ni usimamizi. Kuwatafutia viwanja ili mahema yafungwe ni utawala, na hakuna msimamizi wa kambi anayeweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba ya serikali. Hanang, kinyume chake, serikali na Msalaba Mwekundu walijenga nyumba zaidi ya 100 huko Waret, na waathirika wakapata mlango wa kufunga.

Hukumu yangu ni hii. Tuseme utawala wa kambi kwa dhamana ya serikali, uratibu wa kambi kwa kazi ya kuunganisha kambi na watoa huduma, na usimamizi wa kambi kwa kazi ya kila siku ndani ya uzio. Tuseme malazi kwa pa kulala leo, na makazi kwa pa kuishi kesho. BAKITA na wanaoandika miongozo ya maafa wayaweke hivyo katika kitabu kimoja. Nawe unayeendesha semina ijayo, kabla ya chai ya saa nne, andika ubaoni maneno matatu: anayetawala, anayeratibu, anayesimamia. Mbele ya kila neno liandikwe jina la mtu wa wilaya hiyo na namba yake ya simu. Nafasi itakayobaki wazi ndiyo somo la siku hiyo.