Mgeni, Mdhamini na Lugha: Funzo la Bandari ya Guangzhou

Mpenzi msomaji, ukiwauliza watu mgeni anayefanya biashara na Wachina hukabili hatari gani, wengi watakujibu upesi: kudanganywa. Historia ya Guangzhou, bandari ya kusini mwa China ambayo Wazungu waliiita Canton, inatupatia jibu pana zaidi. Naomba tuitazame pamoja.

Mwaka 1757 Kaizari Qianlong aliamuru kwamba meli za Ulaya zifanye biashara katika bandari hiyo tu. Wageni walikuja kutafuta chai, hariri na vyombo vya kaure. Walipangiwa nyumba na maghala kando ya Mto Lulu, nje ya ukuta wa mji, na hawakuruhusiwa kuingia mjini wala kuleta wake zao. Msimu wa biashara ulipokwisha, iliwabidi waondoke, na wengi wao walikwenda kukaa Macau.

Zaidi ya hayo, mgeni hakuweza kumwuzia amtakaye. Serikali iliteua wafanyabiashara wachache wa Kichina, na kila meli ilipaswa kuwa na mdhamini miongoni mwao. Mdhamini huyo aliwajibika kwa ushuru wa meli na kwa mwenendo wa mabaharia wake. Mgeni alipokuwa na malalamiko, aliyapitisha kwa mdhamini huyohuyo, hata kama ndiye aliyelalamikiwa! Je, hapo haki ingepatikana wapi?

Mwingereza James Flint, aliyejua Kichina, alijaribu kuutafuta mlango mwingine. Mwaka 1759 alisafiri kaskazini hadi Tianjin akiwa na barua ya malalamiko dhidi ya maofisa wa forodha wa Guangzhou. Barua ilimfikia Kaizari, na msimamizi wa forodha akafukuzwa kazi. Hata hivyo, Flint alifungwa miaka mitatu huko Macau kwa kuvunja amri, kisha akafukuzwa nchini. Liu Yabian, Mchina aliyemsaidia kuiandika barua hiyo, alikatwa kichwa. Tangu hapo kumfundisha mgeni Kichina kukawa jambo la hatari. Wewe unayejifunza Kiswahili bila kificho, pima thamani ya uhuru huo.

Hatari ya pili ilikuwa sheria. Mwishoni mwa mwaka 1784, mpiga mizinga wa meli ya Kiingereza iitwayo Lady Hughes alifyatua mzinga wa heshima, na Wachina wawili wakafa. Wakuu wa Guangzhou walimkamata mwakilishi wa biashara wa meli hiyo na kuisimamisha biashara yote hadi mpiga mizinga alipotolewa. Alinyongwa mwezi Januari 1785. Kwa Waingereza, ile ilikuwa ajali. Kwa wakuu wa China, roho zilikuwa zimepotea na ilipasa mtu awajibike. Kila upande uliona haki kwa macho yake.

Hatari ya tatu, na ndiyo iliyowaumiza wengi, ilikuwa mikopo. Kanuni za mwaka 1759 ziliwakataza Wachina kukopa kwa wageni. Lakini wadhamini walihitaji mtaji, nao wageni walitamani riba kubwa. Basi wakakopeshana kinyume cha amri, na mkopeshaji akabaki na deni asiloweza kulidai waziwazi. Wadhamini wengi walifilisika. Mwaka 1780 wawili kati yao walihukumiwa kuhamishiwa Ili, mbali sana magharibi mwa China, na wenzao wakatozwa fedha za kulipa madeni yao. Unaona kwamba mdhamini naye hakuwa salama. Pengine aliumia kuliko mgeni aliyemlinda.

Mfumo huo ulivunjwa kwa nguvu. Waingereza walikuwa wakiingiza kasumba kutoka India, biashara iliyokatazwa na sheria za China. Mwaka 1839 ofisa Lin Zexu aliharibu zaidi ya makasha 20,000, na vita vikafuata. Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842 uliondoa wadhamini, ukafungua bandari tano na kuitoza China dola milioni 21 za fedha. Kati ya hizo, milioni 3 zilikuwa za kulipa madeni ya wadhamini. Deni lililokosa mahakama lililipwa kwa mizinga, na wananchi wasiokopa ndio waliobeba mzigo.

Leo wafanyabiashara wa Kariakoo na miji mingine ya Afrika Mashariki husafiri hadi Guangzhou ileile. Wengi humtegemea wakala mmoja ambaye ndiye mkalimani, mkaguzi wa mizigo na msafirishaji. Akiwa mwaminifu, mambo huenda vizuri. Asipokuwa mwaminifu, mgeni hana shahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mahakama za China huendesha kesi kwa Kichina; kwa hiyo mkataba ulioandikwa kwa lugha hiyo, na kusomwa na mtu asiyelipwa na muuzaji, ni kinga. Kukagua bidhaa kabla ya kumaliza malipo ni kinga nyingine.

Mwanafunzi mpendwa, jadiliana na wenzako: nchini mwako, mgeni aliyedhulumiwa sokoni ashtaki wapi, na kwa lugha gani?