Mchezaji wa kriketi mbele ya kamera

Wapo wanaosema mwanamichezo akiingia kwenye filamu, uwanja umempoteza. Historia ya Sandeep Patil inapinga dai hilo. Mwaka 1983 alikuwa katika timu ya India iliyotwaa Kombe la Dunia la kriketi. Mwaka 1985 akaonekana katika filamu ya Kabhi Ajnabi The, pamoja na mwenzake Syed Kirmani. Filamu haikuvuma. Lakini mwaka 2003 mtu huyohuyo aliifundisha Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ni kweli New Zealand iligoma kwenda Nairobi, Kenya ikapata pointi za bure. Ila Sri Lanka ilikuja, ikashindwa kwa mbio 53. Umaarufu wa sinema ulipita, ujuzi ukabaki.