Kiungo cha malipo ya bitcoin kinavyofanya kazi

Mfanyabiashara asiye na tovuti anaweza kulipwa kwa bitcoin kwa kumtumia mteja kiungo cha malipo kupitia barua pepe au simu. Katika huduma ya BitPay, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2011, mteja akikifungua huonyeshwa kiasi anachodaiwa na anwani ya kupokelea, kisha hulipa kutoka katika pochi yake ya kidijitali. Kwa kuwa thamani ya bitcoin hupanda na kushuka, bei hiyo hudumu dakika 15 tu.

Hatari kubwa iko katika anwani. Tapeli akituma kiungo chake kwa jina la muuzaji, malipo yakishathibitishwa hakuna benki inayoweza kuyarudisha. Mteja mwangalifu humpigia muuzaji kwanza, tena kwa namba aliyokuwa nayo tangu awali.